Mshono

Kichupa hiki usikifungue kikiwa baridi.
Kimetoka friza sasa hivi, na Wete leo asubuhi
hewa yenyewe unaweza kuikamua kama nguo.
Ukikifungua, unyevu utatangulia pipeti,
na mikono miwili ya unga huu mweupe
itashikana na maji, isahau kazi.
Mwezi wa Machi tulipoteza kichupa kizima hivyo.
Shaame alikifungua, akakiacha, akaenda kuswali adhuhuri.
Aliporudi unga ulikuwa uleule kwa macho,
ila ulikwisha kufa.
Bei yake, mshahara wangu wa miezi miwili.
Hakuna aliyesema neno.

Basi nakishika kiganjani kama yai,
nasubiri kipate joto langu.

Ninachokitafuta ni hiki:
konokono wa kijito cha Kinyasini ana protini moja damuni,
mnyoo wa kichocho naye ana yake,
na nadhani, nadhani tu, mbili hizi hugusana.
Si ndoa. Si hata urafiki.
Ni watu wawili mlangoni mwa duka,
huyu anatoka na mafuta ya taa, yule anaingia,
bega kwa bega, samahani, basi.
Ukienda kuuliza baadaye kila mmoja yuko kwake
na hakuna aliyeona.

Unga huu ndio shahidi.
Mkono mmoja humkamata huyu, wa pili yule,
palepale penye lisini, na hauachii.
Na ni mfupi: shubiri yake
haifiki mbili katika bilioni ya mita.
Wasiokaribiana haufungi.
Ndiyo maana ukiniambia walikutana
nauamini kuliko ninavyowaamini majirani.

Lakini kipimo!
Mara ya kwanza niliutia mwingi, kwa pupa,
kila kitu kikashikana na kila kitu,
jeli ikabaki tupu, na juu, mdomoni mwa kishimo,
donge moja limeganda kama ukoko.
Mara ya pili niliutia kiduchu,
nikapata walewale wawili,
kila mmoja na ngazi yake, kama hawajuani.

Leo nimekata katikati.
Dakika thelathini mezani, feni imezimwa,
jasho nalifuta kwa bega nisije nikalidondosha humo.
Kisha trisi,
kuishughulisha mikono iliyobaki mitupu
isije ikakamata wapita njia.
Jeli ikiwa nusu ya safari, umeme ukakatika.
Shaame akakimbilia jenereta bila viatu.
Nadhani bado analipa ile Machi.

Jioni nimerudi nyumbani na picha kwenye simu.
Mama yuko barazani na kofia ya mtu wa Mtambwe,
ya harusi, na harusi ni Ijumaa.
Tobo, uzi, tobo, uzi.
"Hebu nione hicho kinachokuweka huko mpaka magharibi."
Nikampa. Akaisogeza mbali, akaisogeza karibu,
miwani imeshuka puani.
"Mistari ya buluu."
Ndiyo. Huyu konokono. Huyu mnyoo.
Na huu hapa juu, mwembamba,
mahali ambapo wiki zote hapakuwa na kitu,
ni uzito wa wote wawili ukiujumlisha.
"Kwa hiyo umewashona."
Nimewashona.
Sindano ikaingia, ikatoka upande wa pili.
"Na wenyewe walikuwa pamoja,
au ni sindano yako tu?"

Nikacheka, kisha sikucheka.
Usiku nimelala na swali lile kama punje ya mchanga kitandani.

Kesho nitamtoa mnyoo,
niweke ute wa yai la kuku, mgeni asiyehusika,
unga uleule, dakika zilezile.
Mstari ule ukitokea tena pale juu
nitajua sikushuhudia kitu,
nilimkamata yeyote aliyekuwa karibu.

Na usipotokea?
Nitamwambia mama kabla ya Shaame.