Idadi: Moja

Ofisi yetu iko juu ya duka la misumari, Mtaa wa Kiusa,
ngazi kumi na tisa, ya saba kutoka juu imemeguka.
Mlima tunauona kwa dirisha la choo tu,
na anayekawia humo hatumuulizi.

Tulianza watatu na meza moja ya kulia chakula
aliyoiazima Eliamani kwa shangazi yake wa Uru.
Alama ya sufuria bado ipo katikati,
nyeusi, mviringo;
ndani yake ndimo kipanya changu huzunguka.

Mteja wa kwanza, mwenye nyumba ya wageni,
alitaka tovuti inayong'aa.
Tukaing'arisha hadi ikaumiza macho.
Akalipa nusu kwa pesa, nusu kwa ndizi mshale,
na nusu ya ile pesa tunamdai hadi leo.

Tukala mtori wiki mbili.
Tukaita huko kukua.

Halafu akaja Senzota wa Kiboriloni,
muuza viatu vya mlima vya mtumba,
mguu wa kushoto kahawia, wa kulia kijivu;
"wenzao walipotelea kwenye belo," akasema.
Nakijwa, anayechora kurasa zetu zote,
akamuuliza kila aina anazo jozi ngapi.
Moja.
Na hii?
Moja.
Na hii ya bluu yenye soli ya manjano?
"Moja, dada. Mtumba hauna pacha."

Usiku ule nikajaza jedwali la bidhaa
idadi: moja, idadi: moja, idadi: moja,
mistari mia mbili na kumi na minne,
kama mwalimu anayeita majina ya darasa
ambalo kila mtoto akiitika anahama shule.

Duka likakamilika. Picha safi, bei, kikapu,
kitufe cha kijani: NUNUA.
Senzota akakibonyeza. Akakitazama. Akakibonyeza tena.
"Sasa mtu anasemea wapi?"
Anasemea nini?
"Kwamba bei imezidi. Kwamba soli imeliwa upande.
Kwamba yeye ni mwanafunzi.
Mmenijengea ukuta, jamani, mkaupaka rangi."

Eliamani akaanza kumweleza
jinsi maduka ya dunia nzima yanavyofanya kazi,
akafika katikati ya sentensi, umeme ukakatika.
Gizani humo, mimi na Senzota tukapatana bei
ya jozi nisiyoihitaji.
Alianza arobaini. Nikataja kumi na tano.
Akaniuliza kama nina homa.
Ishirini na nane.

Kulipokucha Nakijwa alikuwa ameshachora
kisanduku kidogo chini ya bei:
Unasemaje wewe?
Maneno mawili yake, siku tisa zangu,
kuifundisha mashine kukataa bila kuudhi,
kushuka bila kuanguka,
kupajua mahali Senzota anapokunja uso.

Oda ya kwanza iliingia saa nane usiku, kutoka Tukuyu.
Namba arobaini na mbili.
"Nina elfu ishirini na mbili. Kijana anaanza kazi Jumatatu."
Mashine sikuifundisha habari za vijana wa watu.
Ikakataa, kwa adabu niliyoiandika mwenyewe.
Nikampigia Senzota, nikamwamsha.
"Mpe," akasema, na simu haikukatwa,
nikamsikia akikoroma.

Asubuhi tukafunga boksi, tukalipeleka stendi.
Kwenye jedwali, moja ikawa sifuri.

Sasa tuko saba, meza nne, na birika letu wenyewe.
Nakijwa amepata kazi Dar, mshahara mara tatu;
tulimpigia makofi, na tulimaanisha.
Tukaandika tangazo la nafasi yake,
fomu ikauliza: idadi?
Eliamani akaenda chooni kuutazama mlima.

Ijumaa jioni alibeba kompyuta na kikombe chake,
akasema tutaonana, kama mtu anayefuata vocha.
Nikasikia miguu yake ikishuka gizani:
tano, sita,
kimya,
nane.