Jibu la Dereva wa Chumvi

Wananiuliza kituo cha mafuta, hapa Guerrero Negro,
wamevaa makoti mapya yenye mifuko hadi mgongoni:
Nyangumi wa kijivu, wapi? Na lini?
Nawajibu bila kuzima injini,
jibu liko tayari kama chenji kiganjani.

Desemba wanabisha hodi, wenye mimba kwanza.
Januari wamejaa.
Februari maji ni yao, sisi ni wapangaji.
Machi madume yamekwisha kuondoka, mama wamebaki na ndama,
wanawafunza kuogelea kinyume cha mkondo.
Mwisho wa Aprili ukija, utakuta maji na samahani.

Wapi? Ghuba ya Jicho la Sungura.
(Usiniulize sungura yupi.)
Shika barabara ya vumbi jeupe kati ya mabwawa ya chumvi,
ukipotea, mtazame furukombe aliyejenga juu ya nguzo ya umeme,
mdomo wake ukielekea upepo, nawe elekea huko.

Wanashukuru, wanakwenda.
Jioni wanarudi wamelowa chapachapa,
wanacheka kama watu waliosamehewa deni.
Mama mmoja mzima, mvi kichwa kizima, akanishika mkono dirishani:
Nimemgusa shavu! Kama yai lililomenywa!
Na wewe, mara yako ya kwanza ilikuwaje?
Nikamwambia ni zamani mno, nimesahau.

Uongo.
Miaka kumi na tisa nabeba chumvi, bwawani hadi gatini,
na msimu wao ndio msimu wa zamu ndefu.
Wao wametoka kwenye barafu ya kaskazini,
miezi hawajatia kitu cha maana kinywani, mtoto tumboni;
mimi kilomita kumi na moja bila kahawa, nanung'unika.
Obdulia, mke wangu, husema nimekuwa kibao cha njiani:
naelekeza, siendi.

Mwaka jana, Februari, baharia mmoja akashikwa na tumbo.
Wakanipandisha tishari mimi, tupeleke mzigo kisiwa cha Cedros.
Saa nane usiku. Ukungu umetufunika gubigubi.
Kamba ikajisokota kwenye rafadha ya tagi,
nahodha Baltasar akatukana kwa utaratibu, kisha akazima injini.

Sijapata kujua kimya kina uzito wa tani ngapi.

Halafu — hhhuuuff.
Breki za hewa. Naapa, breki za lori langu!
Nikageuka kutazama nani anaegesha baharini.

Nilimsikia kwa sikio.
Kisha mvuke ukanidondokea usoni, nikamsikia kwa pua:
kabichi iliyosahauliwa sufuriani, tope la kina, samaki wa juzi.
Kisha nikamsikia kwa ngozi,
uvuguvugu mdogo, kisogoni,
kama mtu anayesoma gazeti lako kwa nyuma.

Na chini yake kidogo, pumzi nyingine,
fupi, ya haraka haraka,
ya mtoto anayekimbia ili asiachwe.
Kubwa. Ndogo. Ndogo. Kubwa.
Nikajikuta nimeizuia yangu, nisiwaharibie hesabu.

Sikuona kitu.
Si mgongo, si mkia, wala povu.
Mkono wangu mwenyewe sikuuona.

Nicanor, akanong'ona Baltasar kutoka gizani, umewaona?
Nikasema ndiyo.
Huu wa pili, hadi leo sijui kama ni uongo.

Kamba ikakatwa, injini ikakohoa, tukafika Cedros na chumvi yote.
Nyumbani sikuosha shati siku tatu.
Obdulia alilinusa, akanitazama, akaenda kuweka maji ya kahawa
bila neno.

Sasa wakija na makoti yao, wapi, lini,
nazima injini kwanza.
Nasema Januari. Nasema Februari. Nasema furukombe, nguzo, vumbi jeupe.
Halafu nanyamaza kidogo, nimeinamisha kichwa,
nao hutazamana,
wakidhani nimesahau njia.