Kiti cha Tatu, Dirishani

Siku ya kikao mimi ndiye wa kwanza ukumbini.
Nafagia kinyesi cha popo chini ya feni,
nafuta meza kwa fulana ya kampeni,
ya chama gani sisemi, imeshachuja,
kisha natoa vibao vya majina kwenye kasha,
thelathini na kimoja.

Kumi na sita mlangoni, kumi na tano dirishani.
Ndivyo Newala tulivyogawika mwaka ule:
mlangoni wenye mwenyekiti,
dirishani wenye maneno,
na katikati zulia jekundu
lenye doa la chai ya mwaka juzi,
jambo pekee ambalo pande zote mbili
walikubaliana kulikwepa.

Mheshimiwa Nandonde wa Chilindima alikuwa wa dirishani,
kiti cha tatu, penye upepo unaopanda kutoka Ruvuma.
Nilimchagua kwa kidole hiki.
Siku ya bajeti alisimama na karatasi iliyokunjwa mara nne,
akauliza ushuru wa korosho umeingia kiasi gani,
umetokea mlango upi,
na bati za zahanati yetu zimelala bohari ya nani.
Nilikuwa na birika mkononi.
Nilimimina hadi kikombe cha mhasibu kikafurika
na hakuna aliyenikaripia.

Hoja ilianguka, kumi na tano kwa kumi na sita.
Lakini ilianguka na kishindo;
Chilindima tulikisikia.

Oktoba, wiki ya mnada wa kwanza,
gari lisilo la hapa lililala kwake.
Mimi sikuliona. Aliliona Bihawa, akienda kuchota maji alfajiri,
na Bihawa akiona kitu, kimeonwa na kata nzima.
Jumamosi yake alirudisha kadi juu ya lori,
kipaza sauti kikikoroma:
"Nimeamua kuunga mkono juhudi."

Kwa bibi yangu mkono huungwa uliovunjika,
kwa vipande vya mwanzi na kamba ya mgomba,
na mwenyewe hulia.
Nikaitazama yake, yote miwili.
Mizima.

Kibao nikakitia droo, miezi minne,
pamoja na chaki, betri zilizokufa
na funguo ambazo hakuna ajuaye milango yake.
Halafu uchaguzi mdogo. Jina lile, miwani ile,
picha ile ile, shati jingine.
Mara ya kwanza tulipanga foleni hadi kwenye mashine ya kusaga.
Safari hii watu walikwenda palizi.
Alishinda kabla ya adhuhuri.

Jumatatu nikafungua droo.
Kibao hakina chama: NANDONDE M. S.,
herufi nyeupe juu ya mninga. Hakikuhitaji hata rangi.
Nikavuka nacho zulia, hatua saba, nilizihesabu,
na kwa mara ya kwanza sikulikwepa lile doa.
Kumi na saba. Kumi na nne.

Alipoingia, miguu ilimpeleka dirishani.
Akasimama kiti cha tatu, akapapasa meza tupu,
mpaka mtu wa mlangoni akakohoa.
"Somoe," aliniambia akikaa, "huku kuna joto."
"Ndiyo, mheshimiwa."

Hoja ya bati ililetwa tena na binti Likandawa wa viti maalumu.
Karatasi niliitambua: mikunjo minne.
Sijui aliipata wapi, sikuuliza.
Wanaoafiki? Kumi na nne.
Wasioafiki?
Mkono wake ulipanda polepole,
ukakwama usawa wa sikio,
kama uliofunguliwa mianzi jana.
Karani akauhesabu hivyo hivyo.

Nikamsogezea chai. Sukari vijiko vitatu,
hiyo hajaibadilisha.
Mvua ikaanza kupiga juu ya ukumbi,
na sisi wawili wa Chilindima
tukainua macho kwa pamoja
kwenye bati la halmashauri,
zima, jipya, lisilovuja.