Malaika Haya

Duka liko Narborough Road, Leicester,
katikati ya muuza simu na kinyozi Mkurdi.
Saa tatu kasorobo nabandika sufuria:
sukari, ndimu, maji kidogo.
Mpita njia angedhani napika haluwa.

Aprili, jua likichungulia tu,
wanawake wa mji huu hukumbuka kwamba wana miguu.
Huja mbiombio, na wote huomba radhi.
"Samahani, nimejiachia," asema Maureen,
miaka thelathini na moja akiendesha basi,
miaka thelathini na moja ndani ya suruali ya kampuni,
na leo ananiomba msamaha, mimi,
kwa nywele zisizozidi urefu wa punje ya mchele.
Namwambia nyoosha goti.
Navuta.
Ananishukuru.

Jioni, nikishageuza kibao cha mlangoni, hubisha Craig.
Fundi mabomba. Ndevu zimefika kifuani,
zinanukia mafuta ya msandali,
ana kitana chake cha mbao mfukoni.
Lakini mgongo! Mgongo anaupitisha mlango wa nyuma
kama bidhaa za magendo.
Mchumba wake mpya amesema kitu. Hasemi kitu gani.
Basi hata mwanamume ana mpaka, uko shingoni:
mbele ya mpaka fahari, nyuma yake mzigo.
Na anavyopiga kelele, kinyozi Mkurdi hugonga ukuta.

Sisemi kwetu tulikuwa huru.
Usiku wa kuamkia harusi yangu, Siyu,
somo yangu Bi Mwanamkuu alinilaza mkekani
akaniondoa kila kitu, kwa uzi, kwa jivu, kwa mizaha,
nikabaki kama yai lililomenywa.
Nikamwuliza: na bwana harusi, naye ananyonyolewa?
Alicheka mpaka jivu likapeperuka.
Mwenzako akinyolewa, zako tia maji, akasema.
Nilitia maji. Wala hakuna aliyeniambia
kwamba mtu anaweza kuinuka na kichwa chake
akaenda zake.

Jumamosi akaja Jasleen na shangazi yake.
Kidato cha kwanza. Sweta ya shule, ingawa shule imefungwa,
mikono ameivuta hadi kwenye vidole.
Kwenye bwawa la kuogelea kuna mvulana alimwita sokwe,
mstari mzima ukacheka,
mwalimu akapuliza kipenga, somo likaendelea.
"Mikono tu," asema shangazi, simu sikioni. "Kabla ya Jumatatu."

Akaivua sweta.
Meusi, laini, yamelala upande mmoja
kama mwandiko wa mtu asiye na haraka.
Mteja mwingine akafungua mlango, baridi ikaingia,
yakasimama yote.

Nikamwambia: kwetu haya tunayaita malaika.
Akainua macho. "Malaika malaika? Wa mbinguni?"
Neno ni hilo hilo, nikasema.
Nikanyamaza, maana lililobaki halikuwa na Kiingereza:
kwamba nywele ni malaika haya, na haya ni soni;
kwamba wa mbinguni ni malaika hawa,
na Hawa ni mama yetu sote,
ambaye sijasikia popote kama Mungu
alimkabidhi Adamu akiwa amenyonyolewa.

"Inauma?"
Inauma. Na yanaota tena.
Akaiangalia sufuria. Akaiangalia mikono,
mmoja, halafu mwingine, kama anayechagua viatu.
"Mmoja tu," akasema. "Nione."
Shangazi akakata simu. "Mmoja? Wazimu gani huu?"
Lakini mtoto alikwisha kunyoosha wa kushoto.

Akatoka hivyo, sweta kiunoni, mvua inanyesha,
mkono mmoja unang'aa kama kijiko,
mwingine na malaika wake.
Nililipwa nusu bei. Ya Jumatatu sijayasikia.

Usiku ule, mbele ya kioo cha bafu,
laika moja jeusi chini ya kidevu,
ninaloling'oa kila Alhamisi tangu nitimize arubaini
bila kumwambia mtu.
Nililibana kwa kikoleo.

Nikamwacha.