Mpini wa Kageha

Jembe nililirithi pamoja na shamba,
na shamba pamoja na deni la mbegu.
Mama mkwe, Kageha, alikuwa mfupi kama kinu,
na mpini wake ulimfuata kimo:
shibiri tatu na vidole viwili, mti wa lusiola,
umelainishwa na viganja vyake hadi ukang'aa.
Mimi nilikuja Vihiga na miguu mirefu ya kwetu,
nikainama kuufikia.
Miaka kumi na sita, nikainama.

Huku mawe ni mengi kuliko udongo.
Unapalilia ukilizunguka jiwe
kama mgeni aliyelala katikati ya sebule.
Pita Machi, alfajiri, hutaona nyuso,
utaona migongo tu, mstari kwa mstari.
Na tulisifiana hivyo: "Yule? Yule hainuki!"
Kushika kiuno ilikuwa aibu.
Kunyooka kutazama mawingu, uvivu mtupu.

Hadi asubuhi ile ya maharagwe.
Mstari wa tatu, nikataka kuinuka,
mwili ukakataa.
Nikabaki vile, saba iliyoandikwa na mtoto wa chekechea,
nikimwita Vugutsa huku natazama vidole vya miguu yangu.
Akanishika mkono hadi barabarani.
Njia ile naijua sasa, shimo kwa shimo.

Hospitalini, kijana wa mazoezi ya viungo
hakuuliza habari za kitanda wala za mizigo.
Aliuliza habari za jembe.
"Ukisimama wima, mpini unakufika wapi?"
Nikamwonyesha katikati ya paja.
Akatikisa kichwa, akagonga kifua chake mara mbili:
"Hapa, mama. Hapa."

Nikaenda kwa Amugune, fundi wa Chavakali.
"Huu wa nini, wa kufukuzia nyoka?"
Lakini akauchonga.

Sasa natanguliza mguu mmoja, goti limelegea,
jembe linakuja kwangu, mimi siliendei.
Nikifika kwenye jiwe nabadilisha mkono:
jiwe hili kulia, lile kushoto.
Mawe niliyoyalaani ndiyo saa yangu.
Kwenye mrenda napiga magoti
juu ya gunia lililokunjwa mara nne.
Maji nabeba ndoo mbili, nusu na nusu,
si moja iliyojaa, inayonivuta upande kama mlevi.
Na kabla kiuno hakijaniita, naenda kunywa uji.
Kavere jirani hucheka juu ya ua:
"Mideva siku hizi anapalilia kama anayefagia!"
Acha nifagie.
Jioni nafika nyumbani nikiwa na urefu wangu wote.

Mpini wa zamani sikuuchoma.
Juzi Chazima, kitinda mimba wangu,
ametimiza miaka saba, anataka kulima kitalu cha kunde.
Akauchomoa nyuma ya mlango, akausimamisha.
Ukamfika kifuani, barabara,
kama uliopimwa kwake.

Nikakaa chini.
Nikakumbuka jeneza. Ni Amugune huyo huyo aliyeliunda,
kwa kukisia, maana nani asiyemjua Kageha, yule mfupi?
Tulipomlaza, akanyooka, miguu haikuingia.
Fundi akarudi na misumari kuongeza shibiri nzima,
na sisi tukasema, ajabu, kifo humrefusha mtu.

Labda hakuwa mfupi.
Labda mpini ulikatwa akiwa na miaka saba,
na hakuna aliyekumbuka kumpimia tena.

Kwa hiyo kila mwaka, kabla ya mvua ya kwanza,
Chazima atasimama kwenye mwimo wa mlango,
visigino ukutani, jembe mkononi,
na Amugune atalipwa, hata kwa kuku.

Leo imebaki mistari miwili.
Kiuno hakijasema neno, nami sitangoja kiseme.
Magugu hayana miguu.
Kesho nitayakuta.