Kiganja

Saa kumi na nusu alfajiri, Februari, Kentaki.
Maji ya ndoo yameganda. Navunja barafu kwa kisigino,
kisha napiga goti mbele ya mguu wako,
wa mbele, wa kushoto,
na kuvua glavu.

Glavu haijui kitu. Kiganja ndicho kinachosoma:
goti, kano, kifundo, ukwato.
Na hapo kwenye kifundo,
mahali padogo kama ukucha wa kidole gumba,
pana joto.

Si la kuunguza. Joto la chai uliyoisahau mezani.
Mkononi mwa mtu mwingine lingepita kama salamu.

Kwenye karatasi jina lako ni Usimwambie Wakili,
mzaha wa tajiri mmoja wa viwanda vya jibini.
Mimi nakuita Chayo, jina la shangazi yangu wa Chimaltenango
aliyewapiga wanaume mateke kama wewe.

Nilimwambia Bwana Tolliver. Nilimwambia.
Nilisema, "Lina joto kidogo, goti lile la chini."
Hilo "kidogo" nililiongeza mimi,
kama mtu atiavyo sukari kwenye dawa ya mtoto,
kwa kuwa kibali changu kinaisha Mei,
kwa kuwa ukishinda napata asilimia moja,
kwa kuwa mwenye farasi alikwisha panda ndege na wajukuu zake.
Akapapasa. Akatazama saa. Akasema, barafu.
Daktari akaja na mkoba wa sindano.
Jioni mguu ulikuwa baridi kama chuma cha lango
na mimi nikafurahi.
Hilo nalo naliungama.

Afe punda, mzigo wa bwana ufike, wanasema.
Basi wewe ulibeba mzigo gani?
Kilo hamsini na mbili za Delroy Pinnock,
aliyeshinda na njaa siku mbili ili apungue,
na tarakimu za watu.
Tarakimu hazina uzito mpaka zianguke.

Mbio za sita. Dola elfu nane:
yeyote mwenye nazo angeweza kutumbukiza karatasi sandukuni
akakununua kabla geti halijafunguka.
Hakuna aliyetumbukiza.
Labda nao walikuwa na viganja.

Watu hudhani mfupa hulia unapovunjika.
Nilikuwa kwenye uzio, taulo begani, kamba mkononi,
sikusikia kitu.
Niliona tu kichwa chako kikizama
kama mtu aliyekosa ngazi moja gizani.
Delroy akarushwa, akaviringika, akainuka ameshika bega.
Nawe ukainuka.
Ndilo lililonimaliza, Chayo: ukainuka,
ukataka kuwafuata wenzako
kwa miguu mitatu.

Wakaleta pazia la kijani. Wanaume wanne wakalishika,
wakatazama pembeni,
kama wanaomsitiri mwanamke anayejifungua.
Niliingia ndani kwa sababu kamba ilikuwa yangu.
Ulininusa mfukoni, palipokuwa na peremende.
Nikakupa. Ulikuwa bado unatafuna.
Dawa yenyewe ni ya waridi,
rangi ya keki ya siku ya kuzaliwa.

Nje, spika ilitangaza namba nne, namba moja, namba tisa.
Mzee mmoja mwenye kofia ya manyoya aliniuliza
kama dau lake litarudishwa.

Fomu ya uchunguzi ilikuwa na swali:
je, kulikuwa na dalili yoyote?
Visanduku viwili, vidogo, na kalamu iliyofungwa kwa uzi.
Nilitia alama. Sitasema wapi.

Leo zizi la kumi na nne lina dume la kahawia,
miaka mitatu, lenye uoga wa mifuko ya plastiki.
Hatamu ni ileile; kibati cha jina lako nimekibandua,
kimo humu mfukoni, na peremende.
Navunja barafu. Napiga goti. Navua glavu.
Miguu yote minne ni baridi, namshukuru Mungu,
na bado siondoi mkono.