Rudia Kila Jumatatu

Hapa Cheyo, kabla ya kompyuta,
ratiba ya karakana ilikuwa ubao mweusi
juu ya pipa la maranda,
chaki ikifutwa na bega la yeyote aliyepita.
Kuna madawati ya Jumanne yaliyoondoka na shati la Lumuliko.

Ndipo Bi Nyanzala akanunua programu ya kalenda,
akanikabidhi kama mtu anayekabidhi funguo za ghala.
Nikapanga.
Bluu, kupasua. Kijani, randa. Njano, gundi na jiliwa.
Nyekundu nikaiwekea vanishi, isiyotaka vumbi wala haraka.
Kila kazi kisanduku, kila kisanduku jina,
na mashine ya randa ikidaiwa na wawili saa tatu
ilinipigia kelele kabla hawajagombana.

Nilijiona mtu.
Mizinga mia na ishirini ya Sikonge kabla ya mvua,
madawati ya Ipuli,
milango ya mninga ya mama mmoja wa Urambo asiyetaka kusikia mkongo,
vyote vimetulia ndani ya mwezi mmoja
kama sahani kabatini.

Lakini umeme haukuwahi kuifungua kalenda yangu.
Ulikatika saa nne, ukarudi saa kumi, hata pole hakuna,
nami nikavuta visanduku kimoja kimoja kwenda Alhamisi,
Alhamisi ikajaa, ikamwagikia Ijumaa.
Na mninga, nao, haukujua kusoma:
niliuandikia siku ishirini na moja za kukauka,
siku ya arobaini bado ulikuwa unatoa jasho,
umepinda kidogo,
kana kwamba unauliza, nani alikuahidi?

Masolwa, mnoaji wetu, simu aliishika kwa ncha za vidole, kama chura.
"Msumeno ukiwa butu mimi nausikia," alisema,
"unalia kwa pua."
Nikamwandikia hata hivyo:
*Jumatatu, saa moja na nusu. Masolwa: kunoa misumeno.*
Programu ikauliza, *Rudia?* Nikajibu, kila wiki.
Ikauliza, *Hadi lini?*
Sikuwa na tarehe. Nikagusa *Bila mwisho.*

Vumbi lilikuwa na tarehe yake.
Mwezi wa tano kifua kikaanza kupiga randa chenyewe.
Akakusanya tupa zake katika soksi moja
akaenda Sikonge kwa shemeji yake, kwenye nyuki.
Tulimpa mizinga sita yenye kasoro;
nyuki hawakagui.

Kazi akaishika Zamda, mwanagenzi.
Jina sikulibadili, sijui kwa nini.
Kila Jumatatu simu zikatetemeka juu ya meza,
*Masolwa: kunoa misumeno,*
na Zamda akaitika, "Abee," akachukua tupa.

Mwezi wa kumi, baada ya mtetemo huo huo,
nikaamua kusafisha.
Nikabonyeza jina lake. Ikauliza:
*Futa hili tu, au hili na yote yajayo?*
Nilikuwa bado nalisoma swali
simu ilipolia. Upepo, na nyuma yake mvumo.

"Wewe mwenye kalenda. Nimepanda kichuguu kutafuta mtandao.
Kikengele chenu bado kinanifuata huku msituni."
Nikaanza kuomba radhi.
"Ngoja kwanza. Huku hakuna mnada, hakuna adhana,
siku zinafanana kama mbao za gogo moja.
Kikilia, najua ni Jumatatu.
Natoa kisu cha kurinia, nakinoa."

Akakohoa, si kama zamani.
"Mninga wa yule mama umekauka?"
"Bado."
"Umeugonga?"
"Sijaugonga."
"Basi unajuaje?"
Mtandao ukakatika.

Nikabonyeza *Ghairi.*
Nikaenda nyuma ya banda, nikaugonga ubao kwa kifundo cha kidole,
nikatega sikio kama mjinga.
Halafu nikarudi, nikaivuta milango ya Urambo mpaka Novemba,
na mahali pa tarehe kamili
nikaandika: *uliza mbao.*